Mradi wa kilimo biashara chuoni: kutoka tuta la chainizi hadi hesabu ya faida, bila kupika data

Wiki ya kumi na tatu ya muhula, bwenini taa zinawaka mpaka saa nane usiku. Watu wamekaa vitandani na madaftari mapya, kila mmoja na kalamu yake, wanajaza kumbukumbu za shamba za miezi mitatu kwa usiku mmoja. "Tarehe tano tulifanya nini?" "Andika palizi." "Na tarehe kumi na nane?" "Andika umemwagilia, nani atajua?"

Mimi nilikuwa mmoja wao. Tarehe kumi na nane ya Aprili niliandika nimemwagilia matuta yote, asubuhi na jioni. Mkufunzi alisoma, akavuta daftari la kituo cha hali ya hewa cha chuo, akalifungua mbele yangu. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku wa manane hadi alasiri. Hakunigombeza. Aliniuliza tu hayo maji niliyatoa wapi na niliyamwaga wapi, darasa likacheka wiki nzima.

Sasa mimi ni afisa ugani, kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi wa stashahada, na kosa ni lile lile. Hawa wanajua kilimo. Watakutajia magonjwa ya nyanya kwa majina ya kisayansi. Kinachowashinda ni kuonyesha kama kile kishamba cha chuo kimeleta pesa au kimekula pesa. Mwongozo huu ni wa huko, na nimeuandika kwa mfano mmoja, matuta ishirini ya chainizi, kwa sababu ndiyo mboga niliyoifanyia mradi wa pili nilipoamua kuacha kupika. Bei nitakazotaja ni za mfano. Weka za soko lako.

Hatua ya 1: Chagua zao litakaloisha kabla ya muhula

Muhula una wiki zake na mmea una zake, na mmea haujui ratiba ya mitihani. Mchicha unavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia. Chainizi inakaa kitaluni wiki tatu au nne, kisha wiki nne hadi sita shambani. Nyanya ni kitalu cha wiki tatu au nne, halafu kama miezi miwili na nusu ndipo uanze kuvuna, na mavuno yanaendelea kwa wiki kadhaa. Kitunguu sahau, labda mwaka wako una miezi kumi na tano. Mahindi yanachukua miezi mitatu hadi minne kutegemea mbegu na mwinuko, na kule Uyole, Mbeya, kwenye baridi yanachelewa kuliko Ilonga, Kilosa.

Kuku wa nyama wa wiki tano au sita wanafaa pia kwa upande wa muda, ila mtaji wa chakula ni mkubwa na kosa moja la joto usiku wa kwanza linakumaliza. Kwa mara ya kwanza shika mboga ya majani. Acha wiki tatu za akiba mwishoni, kwa sababu mbegu itachelewa, pampu itaharibika, na kuna wiki ya likizo ambayo hamkuihesabu.

Wengi wanavutwa na nyanya kwa sababu ndiyo yenye hadithi za watu kupata pikipiki kwa msimu mmoja. Tangu kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aingie nchini mwaka 2014, nyanya ya mwanafunzi asiye na fedha ya dawa ni bahati nasibu. Itakufundisha mengi, nakubali, lakini hesabu yake itakuwa ya hasara na utashawishika kuipika.

Kabla ya kununua mbegu, nenda sokoni mara moja alfajiri. Kwa Morogoro ni Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kwingine ni popote akina mama wanaposhusha mboga kabla jua halijatoka. Usiulize "bei gani?" peke yake. Uliza mzigo unatoka wapi, unanunuliwa kwa tuta au kwa fungu, na mwezi gani hawataki hata kuuona. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mvua zikianza kila uani kuna matembele, usiniletee jani." Maneno hayo yamo kwenye ripoti yangu mpaka leo, na ndiyo yaliyonipa sababu ya kulima kuanzia Mei kwenda Julai.

Hatua ya 2: Pima eneo kwa utepe

Nchi nzima tumezoea kusema ekari ni sabini kwa sabini. Mita 70 mara mita 70 ni mita za mraba 4,900. Ekari halisi ni 4,047. Tofauti ni zaidi ya asilimia 20, na hiyo inatosha kuharibu kila hesabu inayofuata: mbegu, mbolea, dawa, mavuno kwa ekari.

Ukitaka kujua balaa hili limetoka wapi, piga hatua. Mtu mzima akitembea kwa hatua ndefu anapata kama sentimita 90. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 63, na 63 kwa 63 ni 3,969, karibu ekari kamili. Kwa hiyo wazee waliopima kwa miguu hawakukosea sana. Tuliokosea ni sisi tuliobadili neno "hatua" kuwa "mita" bila kubadili namba.

Chukua utepe wa mita 30 au kamba uliyoipima. Kupata kona iliyonyooka, tumia ile kanuni ya 3, 4, 5: kutoka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 5 kamili. Ukipata 5.2, sogeza alama.

Matuta yangu yalikuwa na upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, na njia ya nusu mita kati yake. Hapo kuna maeneo mawili, na ni lazima uyaandike yote mawili. Eneo la matuta peke yake ni mita za mraba 200. Eneo lote pamoja na njia ni 300. Mbolea unaipigia hesabu kwa 200, kwa sababu huweki mbolea njiani. Mavuno kwa ekari unayapigia kwa 300, kwa sababu mkulima analipa kodi ya ardhi yote, na njia zikiwemo.

Kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 30, tuta moja linabeba mistari mitatu na miche kama 100. Jumla miche 2,000. Sia zaidi ya hapo, maana mingine itakufa.

Hatua ya 3: Daftari

Hapa ndipo kozi nzima ilipo, kwa maoni yangu. Nunua daftari gumu lililoshonwa. Karatasi za kuchomoa zinapotea. Andika namba kila ukurasa kabla hujaanza. Tumia penseli, kwa sababu wino ukilowa unakimbia na penseli haikimbii. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, usifute. Na uandike kabla hujatoka shambani. Ukisema utaandika bwenini, utaandika kesho, na kesho utakuwa umeshaanza kupika.

Kurasa zangu zilikuwa hivi:

6/6. Kuhamishia miche matuta 1 hadi 8. Watu 2, saa 10:00 jioni hadi 12:30. Miche 800, iliyovunjika 23, imerudishiwa. Keni 32 za maji. Jua kali, ndiyo maana tumefanya jioni.

9/6. Vidukari tuta la 3 na la 4, upande wa mgomba. Tumewakamua kwa mkono, hatukupulizia. Saa 1, mtu 1.

14/6. Petroli lita 2, shilingi 6,400. Bodaboda 1,000. Risiti hakuna.

15/6. Mbuzi wa jirani. Tuta la 20 limekwisha robo.

Angalia tarehe 9. Mkufunzi akiuliza kwa nini matuta mawili yalichelewa, jibu lipo: yalikuwa karibu na mgomba, na vidukari vilianzia hapo. Angalia na tarehe 15. Hakuna mpishi wa data anayekumbuka kuweka mbuzi.

Na ukitaka kujua wanavyogundua daftari lililopikwa, ni rahisi. Wino ni mmoja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kurasa hazina alama ya udongo. Kazi zote zinaanza saa kamili na kuisha saa kamili. Mavuno yanagawanyika kwa kumi. Hakuna siku iliyoandikwa "hatukufanya kitu".

Nyuma ya daftari tenga kurasa tatu: moja ya pesa iliyotoka, moja ya pesa iliyoingia, moja ya saa za kazi. Kila tukio la mbele linalohusu pesa au muda linahamishiwa huko jioni ya Jumapili. Dakika ishirini zinatosha.

Hatua ya 4: Mbolea na dawa kwa hesabu

Ukiambiwa uweke kilo 69 za naitrojeni kwa hekta na una Urea, kumbuka mfuko wa Urea umeandikwa 46, yaani kilo 46 za naitrojeni kwenye kila kilo 100. Gawa 69 kwa 0.46, unapata kilo 150 za Urea kwa hekta. Hekta ni mita za mraba 10,000. Matuta yako ni 200. Basi ni kilo 3. Kwa matuta ishirini ni gramu 150 kila tuta, na ukigawa mara mbili ni gramu 75 kila mara. Nenda dukani na kikombe kitupu, pima gramu 75 kwenye mizani ya mwenye duka, chora mstari kwa marka pale mbolea ilipofika. Umeshapata kipimo chako cha msimu mzima. Kwa mbolea nyingine kama CAN au NPK njia ni ile ile, unabadili asilimia tu.

Bomba la mgongoni nalo lipime kabla ya kutia dawa. Jaza maji matupu, pulizia mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia yamepungua kiasi gani. Yakipungua lita 3, ekari moja itakula lita 121, yaani mabomba manane na kidogo ya lita 15. Mwenzako anayetembea polepole atapata namba nyingine, kwa hiyo anayepima ndiye apulizie.

Dawa nunua iliyosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, andika jina, kiasi, tarehe, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizo kwenye kibandiko. Kwenye mboga ya majani hizo siku ndizo mwisho wa mjadala. Mteja akija kesho na pesa mkononi na bado siku tatu, aende zake.

Hatua ya 5: Jilipe

Mwanafunzi akiniletea hesabu ya mradi, kitu cha kwanza naangalia kama amejilipa. Tisa kati ya kumi hawajajilipa. Wanasema, "Lakini sisi tulifanya wenyewe, hatukumlipa mtu."

Uliza kibarua wa eneo lako analipwa kiasi gani kwa siku na anafanya kazi saa ngapi. Kwa mfano wangu, shilingi 6,000 kwa saa sita, yaani 1,000 kwa saa. Sasa chukua ule ukurasa wa saa:

Kulima na kuinua matuta, saa 24. Kitalu na kuhamishia miche, saa 16. Kumwagilia siku 40, saa moja kila siku, saa 40. Palizi, saa 12. Kupulizia, saa 4. Kuvuna na kuuza, saa 20. Jumla saa 116, sawa na shilingi 116,000.

Theluthi nzima ya kazi na zaidi imekwenda kwenye kumwagilia kwa keni. Hilo hakuna kitabu kingeniambia kuhusu shamba lile. Lilitoka kwenye daftari, na baadaye ndilo lililonifanya nitetee mipira ya umwagiliaji wa matone mbele ya jopo, nikiwa na namba mkononi.

Hatua ya 6: Uza, na uandike ulivyouza

Chainizi na mchicha, wachuuzi wengi hununua tuta likiwa bado shambani. Anakuja, anatembea katikati ya matuta, anakunja uso, anasema bei. Mwingine atanunua fungu fungu. Jaribu njia zote mbili. Mradi wa chuo ndiyo mahali pa kujaribu.

Mimi niliuza matuta 14 kwa mchuuzi, shilingi 10,000 kila tuta. Hiyo ni 140,000, na aling'oa mwenyewe. Matuta 6 niliyafunga mafungu, 28 kwa tuta, nikauza 500 kila fungu. Mafungu 168, shilingi 84,000. Jumla 224,000.

Kwa macho, fungu linashinda: tuta linatoa 14,000 badala ya 10,000. Lakini zile saa 20 za kuvuna na kuuza karibu zote zilikwenda kwenye hayo matuta sita, pamoja na kamba na nauli. Nyongeza ya 4,000 kwa matuta 6 ni 24,000. Saa 20 zimekula 20,000, kamba 2,000, na nauli ya kupeleka sokoni 2,000. Imebaki sifuri. Nilisimama sokoni asubuhi nne nikapata sifuri, na bila daftari ningeapa kwamba niliwashinda akili wachuuzi.

Kama zao lako linauzwa kwa gunia au debe, pima kwa mizani angalau gunia tatu. "Gunia" la lumbesa lenye kilemba juu halina uzito unaojulikana, na sheria ya vipimo inalikataza. Ukiandika "gunia 12" bila kilo, hujaandika kitu.

Hatua ya 7: Hesabu yenyewe

Gharama zinazobadilika bila kazi: mbegu 6,000, samadi magunia 10 kwa 2,500, ni 25,000, Urea kilo 3 kwa 2,000, ni 6,000, dawa 8,000, petroli ya kupandisha maji kwenye simtanki lita 5 kwa 3,200, ni 16,000, kamba 2,000, nauli na bodaboda 6,000. Jumla 69,000.

Pato 224,000 ukitoa 69,000 unabaki na 155,000. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoacha, wanapiga mstari mara mbili chini na kuandika FAIDA kwa herufi kubwa. Endelea. Toa kazi 116,000. Inabaki 39,000. Hiyo ndiyo faida ghafi.

Bado kuna vifaa. Keni mbili na majembe mawili, 12,000 kila kimoja, ni 48,000. Tukisema vinadumu miaka miwili, kila mwezi vinachakaa kwa 2,000. Mradi ulichukua miezi miwili, basi 4,000. Faida halisi 35,000. Ardhi na pampu vilikuwa vya chuo. Andika hivyo wazi kwenye ripoti, na taja kodi ya kipande kama hicho pale kijijini, ili msomaji ajue kwamba mkulima wa nje angepata chini ya hapo.

Kisha tafuta bei ambayo chini yake unaanza kula mtaji. Gharama zote pamoja na kazi, kabla ya vifaa, ni 185,000. Gawa kwa matuta 20: shilingi 9,250 kwa tuta. Mchuuzi alinipa 10,000. Nilikuwa juu ya maji kwa 750 tu. Angeshusha hadi 8,000 kwa yale matuta 14, pato lingekuwa 196,000 na faida ghafi 11,000, na ile ya vifaa ikitoka, 7,000. Fanya hesabu hii kwa bei mbili za chini na moja ya juu. Ndilo eneo ambalo wakufunzi hutoa alama kwa furaha, kwa sababu wachache hulifikia.

Hatua ya 8: Kutoka kipande hadi ekari

Mpango wa biashara ni lazima kwenye kozi nyingi za kilimo biashara, na wengi huutengeneza kwa kuzidisha. Eneo langu ni 300, ekari ni 4,047, basi ni mara 13.5. Faida ghafi 39,000 mara 13.5 ni 526,500 kwa miezi miwili, mara sita kwa mwaka, tayari mtu ameshanunua gari.

Zidisha na vingine, basi. Saa 116 mara 13.5 ni saa 1,566, sawa na siku za kibarua 261. Nani atashika keni? Matuta 20 mara 13.5 ni matuta 270, yote yakikomaa wiki moja. Yule mchuuzi wangu alichukua 14 na akasema atarudi wiki ijayo. Wa 270 ni nani?

Kwa hiyo mpango wenye akili unagawa ekari kwa mafungu. Panda matuta 30 kila wiki, ili kila wiki uwe na matuta 30 ya kuuza, na uwe na wachuuzi wawili au watatu uliozungumza nao kwa majina na namba za simu. Weka mipira ya matone kwenye gharama, kisha onyesha saa za kumwagilia zinavyopungua. Onyesha mwezi ambao hutauza kabisa kwa sababu ya matembele ya uani. Afisa mikopo wa SACCOS au benki akiona mwezi wa sifuri kwenye mpango wako, atauamini ule mwingine wenye pesa.

Kwa mazao yanayohifadhika, mahindi, ufuta, mbaazi, korosho, mpango uonyeshe ghala na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na pale penye stakabadhi ghalani uonyeshe pesa inaingia lini baada ya mnada. Kwa mboga ya majani hayo yaruke. Chainizi haisubiri mnada.

Hatua ya 9: Ukiwa fildi kwa mkulima

Huku hutakuta daftari, na usije ukamdharau mtu kwa hilo. Salimia kwanza, kaa ulipoonyeshwa, usitoe karatasi dakika ya kwanza. Watakuita bwana shamba au bibi shamba siku hiyo hiyo, hata kama una miezi mitano ya chuo. Jina hilo lisikupandishe kichwa.

Nilimkuta mama mmoja upande wa Kilosa, anauza mahindi kwa debe. Nilimuuliza aliuza debe ngapi mwaka jana. Kwenye fomu yangu nilikuwa tayari nimeandika "hakumbuki".

"Shikamoo mama. Nauliza, debe za mwaka jana zilikuwa kama ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Subiri."

Akaingia ndani, akatoka na chupa mbili za plastiki. Moja ilikuwa na punje za mahindi, nyingine za kunde. Kila debe lililouzwa alitumbukiza punje moja ya mahindi. Kila debe lililoliwa nyumbani, punje ya kunde. Tukazimwaga kwenye ungo tukahesabu. Mahindi 61, kunde 38.

Hata debe la kula lilikuwa limeandikwa! Mimi, kwenye mradi wangu, mboga tuliyopeleka jikoni bwenini sikuihesabu kabisa. Kwa hiyo ongeza mstari kwenye ukurasa wa pesa iliyoingia: zilizoliwa na zilizogawiwa, kwa bei ya siku hiyo. Ni pato pia.

Unapomhoji mkulima asiye na chupa, usiulize "kwa mwaka unapata kiasi gani". Anza na kitu anachokikumbuka: alikodi trekta mara ngapi, vibarua walikula siku ngapi, mizigo mingapi ya baiskeli ilitoka shambani, ada ya mtoto ilitoka kwenye mauzo gani. Jenga hesabu kutoka huko, kisha mrudie umsomee. Atakusahihisha, na hayo masahihisho ndiyo data.

Hatua ya 10: Ripoti na utetezi

Ripoti isizidi ulichofanya. Eneo na zao, ulichofanya kwa tarehe, jedwali la gharama, jedwali la pato, hesabu ya faida ghafi na halisi, bei ya kurudisha gharama, kilichoharibika na ungefanya nini tofauti. Mbuzi aingie. Picha mbili zinatosha, moja ya matuta yakiwa matupu na moja siku ya kuvuna. Hatuhitaji picha kumi na tano za wewe umeshika jembe safi.

Mbele ya jopo watakuuliza "umejuaje?" mara nyingi kuliko swali jingine lolote. Nenda na daftari lenyewe, likiwa na udongo wake, na ujue ukurasa.

Siku mbili kabla ya kukabidhi, mpe mwenzako daftari bila ripoti na umwombe apige hesabu ya faida ghafi mwenyewe. Akipata 39,000 kama wewe, peleka. Akipata 51,000, kaeni chini mtafute zile 12,000 zimejificha ukurasa gani. Anzeni kwenye ukurasa wa saa: mara nyingi kuna mtu alisahau palizi.